Fungu la Mpishi: Kuku wa Singida na Adabu ya Sinia

Barabara itokayo Dodoma kwenda Singida hupita katika uwanda wa Bahi wenye majaruba ya mpunga, kisha hupanda ukingo wa Bonde la Ufa na kumfikisha msafiri Manyoni. Kutoka hapo hadi Singida mjini ni zaidi ya kilomita 100 za nchi ya vichaka, mashamba ya alizeti na mtama, na mawe makubwa ya mviringo yaliyokaa juu ya ardhi kana kwamba yamepangwa kwa mkono. Mvua ya huku ni ya msimu mmoja. Huanza kati ya Novemba na Desemba, hukatika Aprili au Mei, na miezi inayobaki ni ya jua na upepo. Kandoni mwa barabara wenyeji huuza mafuta ya alizeti katika chupa na madumu, vitunguu, na kuku wa kienyeji waliofungwa miguu wawili wawili.

Kuku hao wana jina kubwa. Husafirishwa kwa matenga hadi Dar es Salaam, mwendo wa kilomita zipatazo 700, na mteja wa sokoni akiambiwa kwamba kuku ni wa Singida hupunguza ubishi wa bei. Lakini atakaye kujua thamani ya kuku huyo asimtazame akiwa tengani. Amtazame nyumbani alikofugwa.

Sisi tulipata kumtazama huko katika safari ya kheri. Tulikuwa wanne: wazee wawili, shangazi wa kijana mmoja wa msikiti wetu, na sisi tulioandika barua ya posa. Tulikuwa tunakwenda katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Ikungi kumposea kijana huyo. Yaliyozungumzwa kuhusu posa ni ya wenyewe. Tutakayoyaeleza hapa ni ya sinia, maana yanazihusu nyumba zetu zote.

Katika kijiji kile kuku ni akiba. Mwenye ng'ombe hauzi ng'ombe ili anunue madaftari, wala havunji gunia la mtama kwa ajili ya nauli ya kumfikisha mtoto zahanati. Huuza kuku. Na kuku huyo mara nyingi ni mali ya mama, kwa sababu yeye ndiye anayemtupia makombo, anayemfungia usiku asiliwe na kicheche, na anayehesabu siku 21 za kuatamia. Katika vifaranga 10 walioanguliwa, mwewe ana fungu lake na kideri kina fungu lake. Chanjo ya kideri ipo, nayo ni tone moja jichoni, lakini ni lazima irudiwe kila baada ya miezi mitatu, na anayekumbuka tarehe hiyo ni yuleyule mama. Kwa hiyo mwenyeji anapomchinjia mgeni mtetea anayetaga, huwa amefungua kibubu cha nyumba. Sisi tulichinjiwa wawili.

Kabla ya kuchinja, kijana wa nyumba ile alikwenda nyuma ya nyumba kukinoa kisu, kuku asimwone. Kisha akamlaza, akaelekea kibla, akasema Bismillahi Allahu Akbar, akakata koo, umio na mishipa miwili ya shingo kwa mkupuo mmoja. Alisubiri mpaka kuku akatulia kabisa ndipo akamtia katika maji ya moto ili amnyonyoe. Hatukuona haraka wala vurugu. Hadithi ya Shaddad bin Aws (r.a.) iliyomo katika Sahih Muslim inatufundisha kwamba Mwenyezi Mungu ameandika wema katika kila jambo, hata katika kuchinja: kisu kinolewe na mnyama astareheshwe. Yapo machinjio ya mijini yanayochinja kuku wengi kwa saa moja ambayo yangefaidika kumtazama kijana yule.

Kuanzia hapo habari tulizipokea kwa shangazi, ambaye alikaa jikoni pamoja na akina mama. Kuku wa kienyeji aliyekomaa hakatwi ovyo kwa shoka, kwani mfupa ukipasuliwa hutoa vichane ambavyo huweza kumkwama mtoto kooni. Kisu hutafuta kiungo, nacho kiungo hufunguka chenyewe. Yakatoka mapaja na sehemu za chini za miguu, mabawa, kidari kilichogawanywa mara mbili, mgongo, shingo, firigisi na maini. Nyongo ikatolewa kwa uangalifu, kwa sababu ikipasuka hutia uchungu chungu kizima.

Vipande vikatiwa katika sufuria pamoja na chumvi, tangawizi na kitunguu saumu, maji yakafunika nyama, moto ukawa wa kuni. Yalipochemka, povu likaenguliwa na moto ukapunguzwa. Kuku wa kisasa wa nyama huchinjwa akiwa na umri wa wiki tano au sita na huiva upesi. Huyu ametembea maisha yake yote, na mtetea aliyekwisha taga misimu kadhaa hutaka saa moja na nusu hadi mbili za moto mdogo. Mpishi mwenye papara humkaanga mapema, akapata nyama ngumu na mchuzi mwepesi. Mpishi mwenye subira huiachia mifupa itoe ute na uboho wake ndani ya maji, na dalili ya kufaulu ni kwamba mchuzi ukipoa huganda. Baada ya hapo vipande hutolewa, hukaangwa katika mafuta ya alizeti hadi vigeuke rangi, kisha huja vitunguu na nyanya, na supu ile hurudishwa kidogo kidogo mpaka mchuzi ukolee.

Hii ndiyo hekima ya kumpika kuku pamoja na mifupa yake. Minofu mitupu huwashibisha watu wachache, lakini mifupa huongeza sufuria. Mtume (s.a.w.) alimuusia Abu Dharr (r.a.) kwamba apikapo mchuzi azidishe maji yake na awaangalie jirani zake. Shangazi alituambia kwamba kabla sinia letu halijapakuliwa, bakuli mbili za mchuzi zilikwisha kwenda nyumba ya pili, kwa bibi mmoja mgonjwa. Kuku wawili walikuwa wameingia nyumba mbili.

Sinia likaletwa sebuleni: ugali wa mtama, mlenda, na bakuli kubwa la kuku. Tulinawa, tukasema Bismillahi. Wakubwa wetu walikula kuku bila kuona haya. Abu Musa al-Ash'ari (r.a.) alipomwona mtu mmoja akisita mbele ya kuku, alimwita asogee, akamwambia kuwa yeye alimwona Mtume (s.a.w.) akila nyama hiyo. Lakini mmoja wa wazee wetu alilitazama bakuli kwa muda kabla ya kunyoosha mkono. Mapaja yote manne yalikuwa pale, vidari vyote vilikuwa pale, na firigisi mbili ziliwekwa juu kabisa, upande wa baba mwenye nyumba.

Mzee akaomba sahani tupu. Akaweka mapaja mawili, kidari kimoja, na firigisi iliyokuwa upande wake, akamwambia kijana aipeleke jikoni. Sebule ikanyamaza. Kumrudishia mwenyeji chakula ni jambo zito, na katika nyumba nyingi za bara na hata za pwani, firigisi ikishafika kwa wanaume hairudi nyuma. Mzee akalielewa hilo.

"Niwie radhi, ndugu yangu," alimwambia baba wa binti. "Sikukirudisha kwa dharau. Tumekuja kukuomba mwanao. Nimeona nikuonyeshe mapema kwamba kwetu hataishia kula shingo."

Baba wa binti aliinamisha kichwa, kisha akacheka kidogo, akasema, "Mzee, umesema kweli. Chukueni chakula, kisipoe." Tukaendelea kula. Sahani ile baadaye ilirudi ikiwa tupu na imekwisha oshwa, pamoja na salamu kutoka kwa mama: wageni waambiwe ahsante, watoto wamekula.

Watoto wamekula. Tukiwa njiani kurudi, shangazi alitueleza yaliyokuwa nyuma ya salamu hizo. Nyumba ile ina watoto sita. Sahani ya mzee ilipofika jikoni, mama aliigawa kwa watoto papo hapo, kila mmoja akapata chake, naye akabaki na ugali wake, mchuzi na shingo, kama ilivyokuwa kabla. Hakulalamika wala hakusononeka. Alifanya kama alivyozoea, na kama alivyomwona mama yake akifanya.

Jambo hili lilitufikirisha zaidi ya chakula chenyewe. Mzee wetu alitenda wema, na Mwenyezi Mungu atamlipa kwa nia yake. Lakini wema wa mgeni hauwezi kutengeneza mgawo ambao nyumba yenyewe haijautengeneza. Kinachotoka sebuleni kwenda jikoni huwa ni hisani, na hisani mama huwapa watoto. Haki yake ilipaswa kutengwa chunguni, kabla sinia halijanyanyuliwa.

Hatusemi kwamba kumkirimu mgeni ni kosa. Nabii Ibrahim (a.s.) aliwaletea wageni wake ndama aliyenona, kama ilivyoelezwa katika Suratu Adh-Dhariyat. Wala hatusemi kwamba mke anayemwekea mumewe firigisi kwa mapenzi afanya vibaya. Hayo ni mapenzi, na ndoa huishi kwayo. Tunachokisema ni kwamba desturi ikigeuka kuwa sheria, kwamba sehemu fulani ya kuku ni ya wanaume na mwanamke haigusi, hapo tumeikaribia kauli ambayo Qur'ani imeikemea. Katika Suratu Al-An'am, aya ya 139, Mwenyezi Mungu anawataja washirikina waliodai kwamba yaliyomo matumboni mwa wanyama fulani ni ya wanaume wao peke yao na ni haramu kwa wake zao, na anawaahidi malipo kwa uzushi wao huo. Halali na haramu ni za Mwenyezi Mungu. Hakuna aliyeachiwa kuharamisha firigisi.

Na kuhusu anayepika tunayo hadithi iliyo wazi zaidi. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) aliamuru mtu akiletewa chakula na mtumishi wake amketishe ale pamoja naye, na kama hakumketisha basi ampe tonge moja au mawili, kwa sababu mtumishi huyo ndiye aliyekabiliana na joto la chakula hicho na taabu ya kukiandaa. Hiyo ni haki ya mtumishi wa jikoni. Itakuwaje haki ya mama wa nyumba, aliyemfuga kuku, akamchanja, akamlinda na mwewe, akakubali achinjwe, kisha akakaa saa mbili mbele ya moshi?

Tunawashauri basi wenye nyumba mambo matatu ambayo hayagharimu senti. Kwanza, kuku ahesabiwe kabla ya kupakuliwa. Vipande vinajulikana, na watu wa nyumba wanajulikana, pamoja na mgeni na jirani. Pili, fungu la mpishi litengwe la kwanza, liwe kipande cha nyama kama vingine na si masalia ya sufuria, na lifunikwe ili lisigeuzwe kuwa nyongeza ya watoto. Watoto nao wana fungu lao, na wakizoea kumwona mama akila nyama, watakua wakijua kwamba mama naye huona njaa. Tatu, baba asianze kula mpaka aulize: walioko jikoni wamepata? Swali hilo moja, likiulizwa kila siku na baba mbele ya wanawe wa kiume, ni darsa tosha la haki ya mke.

Tunayasema haya kwa wote, hata kwa wasiofuga. Mjini hatumhesabu kuku kwa siku 21 wala hatumwogopi mwewe. Tunamnunua sokoni, amekwisha nyonyolewa, na wengine hununua mapaja matupu kwa kilo. Hata hivyo mama bado ndiye asimamaye mbele ya jiko, na shingo bado inajua njia ya kwenda kwake.

Posa, alhamdulillahi, ilipokelewa. Shangazi alipomwaga mama wa binti alimwambia kwamba siku ya walima kutakuwa na sahani yenye jina lake, nayo haitakuwa na shingo. Mama yule alicheka, akamjibu kwamba shingo anaipenda. Huenda ni kweli. Atakapokuwa amewekewa paja mbele yake na akachagua shingo, hapo ndipo tutajua.

Mwenyezi Mungu atupe riziki ya halali, atubarikie katika masinia yetu, na atujaalie kuwa waadilifu kwanza kwa wale walio karibu na moto. Amin.