Shitingi ya kwenda nayo shambani

Tangu mvua za mwezi wa tatu zianze kukaribia, kila nikipita Kigonze na mikro yangu ninaulizwa swali moja. Mtu akirudi kulima upande wa Djugu kwa wiki mbili tatu, alale ndani ya nini, na vitu vyake avibebe vipi?

Mwenzangu wa kazi alinionyesha kwenye simu picha ya kinyumba cha magurudumu ambacho wazungu hukokota nyuma ya gari wakienda kulala porini kwa kujifurahisha. Kina kitanda, jiko, tangi la maji na paneli ya sola. Tulicheka sana. Lakini ukitazama vizuri, hesabu ni ile ile ya mama anayekwenda Djugu: paa, maji, moto, taa, na namna ya kuondoka navyo.

Nianze na paa, maana ndipo pesa zinapopotea. Hema la familia, kama yale yanayogawiwa na mashirika, linaweza kupita kilo 40. Halimfai mtu wa miguu. Shitingi ya mita 4 kwa 5 ina kilo 4 hivi, inakaa kichwani pamoja na jembe. Ila si kila shitingi. Kabla ya kulipa, inyanyue mbele ya jua. Ile nzuri imesukwa kwa nyuzi, ina tabaka jeusi katikati, na mwangaza haupiti. Ile ya bei ndogo inapitisha mwangaza: usiku ukiwasha taa ndani, mtu aliye ng'ambo ya bonde anahesabu vivuli vyenu. Kwa sehemu tunazozijua sisi, hilo linanitia hofu kuliko mvua. Vuta pia matundu ya kamba kwenye pindo. Yakilegea sokoni, upepo wa kilimani utayang'oa.

Maji: bidoni mbili za litre 10 ni afadhali kuliko moja ya 20, kwa sababu ikijaa ni kilo 20 juu ya shingo ya mtu mmoja. Taa ndogo ya sola inayochaji na simu inatosha (mtusikilize pia, basi).

Vijana wengine wanataka kuchanga wakodi moto ya magurudumu matatu. Inabeba kila kitu, kweli. Lakini udongo ukilowa inakwama, na siku ya kukimbia inabaki barabarani na mali yote. Mimi ningechagua kinga. Unaisukuma hata kwenye njia ya miguu.

Sisemi mtu arudi au asirudi; hilo ni la familia. Ila uliza aliyelala huko jana, usitegemee sauti zinazotumwatumwa kwenye simu.

Sasa linalonisumbua. Wengi hawanunui shitingi nyingine. Wanang'oa ile ya paa la kambini. Viwango vya Sphere, ambavyo mashirika ya msaada hufuata, vinataka angalau mita za mraba 3.5 kwa kila mtu ndani ya nyumba. Watu 6 ni 21. Shitingi nzima ni 20, na ukiilaza juu ya mti wa paa, chini inafunika pungufu ya hapo. Nyumba ilikuwa haitoshi tayari, na sasa bibi na watoto wadogo wanabaki chini ya magunia, na usiku wa mvua hapa Bunia una baridi.

Mama mmoja aliniambia wao wamefanya hivi: familia tatu, majirani wa mstari mmoja, wamechanga wakanunua shitingi moja ya shamba. Kila nyumba inatoa mtu mmoja, watatu wanakwenda pamoja na kulima mashamba yote matatu kwa zamu. Paa za kambini haziguswi. Nilimwuliza wakirudi nani anaiweka. Akacheka: anayeiweka ni yule ambaye nyumba yake inavuja zaidi.