Mashine ya Gemu Chini ya Kitanda

Mimi ni mzee wa kawaida tu wa Morogoro, na kazi yangu ilikuwa ukarani wa stoo hata nilipostaafu. Sikujaliwa elimu ya mitambo. Walakini ninayo habari moja ya mashine ambayo naona si vema nikae nayo peke yangu, maana ndani yake mna ugomvi wa baba na mwanawe, na mwenye makosa katika ugomvi huo nilikuwa mimi.

Mwaka 2005 shemeji yangu alirudi likizo kutoka Uingereza. Katika sanduku lake alileta zawadi ya watoto: PlayStation 2, ile ya awali, nyeusi, nene kama Biblia ya mimbarini, nayo ilikuwa imekwisha tumika huko. Mimi niliudhika, ingawa sikusema mbele ya mgeni. Kwa muda mrefu nilikuwa naweka akiba kidogo kidogo ili ninunue deki, tupate kutazama picha nyumbani, naye ananiletea kitu cha kupotezea watoto wakati!

Kijana wangu wa kiume, ambaye alikuwa kidato cha tatu, akaniambia kwa adabu, “Baba, hii nayo ni deki. Inasoma DVD.” Nikamjibu kwamba gemu ni gemu, na deki ni deki.

Kumbe yeye ndiye aliyesema kweli. Mashine hiyo ilianza kuuzwa Japani tarehe 4 Machi 2000 kwa yeni 39,800, na Marekani mwezi wa Oktoba mwaka ule ule kwa dola 299. Siku hizo deki za DVD zilikuwa bado ghali, kwa hiyo watu wengi, hasa huko Japani, waliinunua wakijua kwamba watapata vitu viwili kwa bei ya kimoja. Wako walioinunua kwa ajili ya sinema tu. Labda hiyo ni sababu mojawapo iliyofanya ziuzwe zaidi ya milioni 150 duniani kabla Sony haijatangaza, mwanzoni mwa 2013, kwamba imeacha kuzitengeneza.

Basi jioni ile tukaiunganisha. Kwa kuwa ilitoka Uingereza, plagi yake ilikuwa ya miguu mitatu kama yetu, na umeme wake ulikuwa kama wetu. Jirani yetu mmoja aliyeletewa ya Marekani hakuwa na bahati hiyo. Ile ilitaka volti 120. Yeye akaichomeka ukutani bila transfoma, ikatoa moshi hata kabla watoto hawajaketi. Yetu ilikuwa na waya tatu tu za kupeleka kwenye televisheni: ya manjano ya picha, na nyekundu na nyeupe za sauti.

Nikataka kuijaribu mwenyewe. Nikaleta sidii yangu ya kwaya, ile ninayoipenda kuliko zote, nikaiweka kwenye trei. Ikakataa. Nikaweka ya pili, ikakataa. Nikamgeukia kijana nikamwambia, “Unaiona deki yako?” Akanieleza kwamba zile ni VCD, ambazo ni aina nyingine kabisa, na mashine hiyo haikuundwa kuzisoma, inasoma DVD na sidii za muziki. Kwa nyumba kama yetu, ambayo kwaya zote zilikuwa katika VCD, hasara hiyo haikuwa ndogo, wala siifichi.

Kisha kulikuwa na jambo la namba. Kampuni za sinema ziliigawa dunia katika sehemu, na nyuma ya jalada la DVD utaona picha ya tufe la dunia lenye namba. Marekani ni 1. Ulaya na Japani ni 2, na Afrika Kusini imo humo humo. Sisi wa Tanzania, pamoja na sehemu kubwa ya Afrika, tumewekwa katika 5 pamoja na India na Urusi. Mashine ya shemeji ilikuwa ya 2. Kwa hiyo filamu halisi aliyotutumia binamu kutoka Marekani haikuonyesha hata picha moja, na zilizotoka Uingereza zilikubali zote. Mimi sikuweza kuelewa, na hata leo sielewi vizuri, kwa nini mtu anunue kitu kwa fedha yake halali kisha azuiwe kukitazama kwa sababu ya mahali anapokaa.

Rimoti haikuwamo katika zawadi, iliuzwa mbali. Tukatumia pedi ya kuchezea. Kuna kitufe ukikibonyeza huleta kwenye kioo safu ya alama ndogo za kusimamisha, kurudisha na kupeleka mbele. Mama watoto hakuipenda kabisa pedi hiyo. Alisema kwamba kila akiigusa picha huruka, akaiacha mikononi mwa kijana. Ndipo ikawa desturi: Jumamosi usiku baada ya chakula kijana hukaa mkekani akiwa ameshika pedi, sisi sote nyuma yake, na majirani wawili watatu mlangoni. Pangaboi la mashine lilivuma kama nyuki katika zile sehemu za kimya, na ilikula umeme zaidi kuliko deki. Lakini siwezi kusema uongo, zilikuwa jioni njema.

Mwaka 2006 ukaja mgao wa umeme, ule uliotokana na ukame. Umeme ukawa unarudi usiku wa manane. Usiku mmoja, yapata saa nane, nikasikia vuma-vuma sebuleni. Nikamkuta kijana anacheza mpira wa kwenye kioo, naye alikuwa na mtihani wa kidato cha nne mbele yake. Sikuuliza neno. Nilizing'oa waya, nikaitia mashine katika kiroba cha mchele, nikaisukuma chini ya kitanda changu. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Baadaye mama yake aliniarifu kwamba siku ile alikuwa amesoma kwa taa ya chemli mpaka saa sita, akalala, akaamshwa na umeme uliporudi.

Alifaulu mtihani. Wala hakuiomba mashine yake tena. Hilo ndilo lililoniuma, kwamba hakuomba. Akawa ananisalimu, ananiitikia, ananitumikia kama inavyompasa mtoto, lakini mazungumzo yakaisha. Nami nikanunua deki mpya mwaka 2007, nikajiona nimemaliza shauri.

Desemba ile ya 2006 binti yangu alikuwa ameolewa. Tulimpa mtu kazi ya kupiga picha za video, akatuletea diski mbili za DVD zilizobandikwa karatasi nzuri yenye picha ya maharusi. Moja ilikwenda kwa wakwe, ikapotea walipohama. Ya pili tulibaki nayo sisi. Karibu na mwisho wake yumo marehemu baba yangu, amesimama na fimbo yake, akimpa mjukuu wake nasaha. Anasimulia jinsi alivyokata mkonge huko Kimamba alipokuwa kijana, na jinsi alivyomposa mama yetu. Baba alifariki mwaka 2009. Hatukuwa na sauti yake mahali pengine popote.

Mwaka uliofuata ukoo ulikusanyika kumkumbuka, na dada zangu wakaomba tumtazame. Nikaileta ile diski. Nilikuwa nimeiweka dirishani juu ya televisheni, mahali penye heshima kwa maoni yangu, nalo jua la mchana lilikuwa likiipiga kila siku. Deki ikaizungusha, ikaizungusha, kisha ikaandika kwamba hakuna diski. Nikaipangusa kwa shati, nikarudia. Hakuna diski. Dada yangu mkubwa akaanza kulia.

Kijana alikuwa amefika asubuhi kutoka Dar es Salaam, alikokuwa akisoma chuo. Akaijaribu kwenye kompyuta yake ya mapajani. Ile ilisoma harusi mpaka kwenye kukata keki, halafu ikaganda. Akanieleza sababu. Diski ya DVD huandikwa kuanzia katikati kwenda ukingoni. Mwanzo wa sherehe uko ndani karibu na tundu. Mwisho uko nje, pale tunaposhika kwa vidole, na ambapo diski ikipinda kwa joto hupinda zaidi. Tena hizi tunazorekodi wenyewe si kama za dukani. Zina rangi ndani yake iliyochomwa kwa mwali wa leza, na rangi hiyo jua huififisha. Ile karatasi nzuri ya maharusi nayo ilizidisha ubaya, kwa maana huifanya diski iyumbe inapozunguka. Nikataka kuibandua. Akanishika mkono, “Hapana, Baba, tutaiharibu kabisa.”

Halafu akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza habari ya maiti, “Ile mashine uliitupa?”

Nikaenda mwenyewe chumbani nikakipekua kiroba. Ilikuwa imejaa vumbi, na buibui walikuwa wamehamia katika matundu ya nyuma. Fundi wa mtaani alikuwa amekwisha niambia siku nyingi kwamba kitu cha namna hiyo kikikaa miaka minne lenzi yake haifai tena. Kijana aliifungua skrubu za chini, akaipangusa lenzi kwa pamba yenye spiriti kidogo, polepole, kama anayefuta jicho la mtoto. Diski nayo akaiosha kwa maji ya sabuni, akaifuta kwa kitambaa laini kwa kunyoosha kutoka katikati hadi ukingoni, wala si kwa kuzungusha kama nilivyokuwa nikifanya mimi.

Mara ya kwanza haikusoma. Ya pili haikusoma. Ya tatu ikavuma, na maharusi wakaonekana.

Asifikiri mtu kwamba naisifu mashine ile kuliko deki. Kijana mwenyewe alisema ni bahati. Lenzi moja huweza kuona kile ambacho nyingine haikioni, na kesho ingeweza kuwa kinyume. Ndiyo sababu hakuturuhusu tuitazame siku ile mpaka mwisho. Dada zangu walinung'unika sana. Alisema lenzi ni dhaifu na diski ni dhaifu, na kama zinaweza kupita mara moja tu, basi mara hiyo iwe ya kunakili.

Jumatatu tukaenda, yeye na mimi, kwa mtu mmoja wa mjini arekodiye harusi. Waya zile tatu, badala ya kwenda kwenye televisheni, zikaingia katika kifaa chake kinachopeleka picha kwenye kompyuta. Diski za nyumbani hazina kufuli kama filamu za dukani, kwa hiyo hakuna kilichotuzuia. Lakini kunakili kwa njia hiyo hakuna haraka: diski ya saa mbili hutaka saa mbili. Tukakaa kwenye benchi, bega kwa bega, hatusemi. Tangu usiku ule wa mgao hatukuwa tumekaa pamoja muda mrefu namna ile.

Keki ikakatwa, ikapita. Baba akasimama na fimbo yake. Alipofika kwenye mahari, picha ikavunjika miraba miraba, sauti ikakwaruza, ikaganda. Kijana akaweka kiganja juu ya mashine, hakuibonyeza, aliiweka tu. Nikahesabu moyoni mpaka kumi na nne. Kisha ikaruka, na baba akaendelea mpaka akaketi na watu wakapiga vigelegele.

Katika kile kipande kilichopotea ndimo alimotaja idadi ya mbuzi. Dada yangu anashikilia kwamba ni sita. Mimi nilikuwapo, nami nasema walikuwa wanne. Shauri hilo halijaisha, na sasa halina shahidi.

Nakala tulizigawa, moja kwa kila nyumba, na nyingine zimo katika kompyuta ya kijana na katika flashi iliyo kabatini mwangu, mbali na jua. Mashine yenyewe ilikufa mwaka 2014. Sasa kuna mpya zisizo hata na tundu la diski. PlayStation 5 ilipotoka mwaka 2020 iliuzwa ya namna mbili, yenye tundu na isiyo nalo.

Siku ile tulipotoka mjini kijana alitaka kuibeba. Nikamwambia, “Niachie. Ni mimi niliyeiweka chini ya kitanda.” Akaniachia. Tulipofika darajani akaniuliza kama nimechoka, nikasema nimechoka, akaipokea. Kuanzia hapo hadi nyumbani alinieleza jinsi mpira ule wa kwenye kioo unavyochezwa.