Pakacha Linalovuja: Maoni ya Mtengenezaji Tovuti wa Kisumu

Wahenga walinena kwamba kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Methali hii ina ukweli wake njiani, ambako mzigo humwelemea mtu begani. Lakini yupo kijana mmoja mjini Kisumu, mtengenezaji tovuti kwa kazi, ambaye huipinga kila inapotajwa mbele yake. Hoja yake ni kwamba walioitunga walimfikiria mchukuzi peke yake, wakamsahau mwenye mzigo. Katika zama hizi za tarakilishi na simu za mkononi, mchukuzi ni kampuni, shule, kanisa au chama kinachobeba majina ya watu, namba zao za vitambulisho na namba zao za simu. Pakacha likivuja, mchukuzi huomba radhi kwa aya mbili na kuendelea na safari yake. Mwenye mali hubaki akipigiwa simu na matapeli wanaomjua kwa jina.

Kijana huyu hufanya kazi katika chumba kidogo cha ghorofani, hatua chache kutoka Barabara ya Oginga Odinga. Ana tarakilishi mbili, betri ya kumwezesha kumalizia kazi stima inapopotea, na dirisha linaloangalia upande wa ziwa. Wateja wake ni hoteli ndogo, shule, makanisa na vyama vya akiba na mikopo. Wanaoketi naye wakisubiri kazi zao hupata, bila malipo ya ziada, maoni yake kuhusu teknolojia, usalama wa mtandao na sheria. Huyatoa vidole vikiwa bado juu ya kicharazio, kama fundi cherehani anayezungumza huku mguu ukiendelea kukanyaga.

Kuhusu nywila, kwa mfano, haamini desturi ya kuwalazimisha wafanyakazi wabadilishe nywila kila mwezi. Husema kwamba anayelazimishwa kukariri neno jipya kila mara mwishowe huliandika kwenye karatasi na kuibandika ukutani, au huongeza tarakimu moja mwishoni mwa neno la zamani. Katika hili hayuko peke yake. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa mwongozo mwaka wa 2017 uliopinga ubadilishaji huo wa kila kipindi pasipo dalili ya kuvuja, ukapendelea nywila ndefu kuliko zilizojaa alama za ajabu. Yeye huwashauri wateja wake waunde nywila kwa maneno manne au matano yasiyohusiana, ikiwezekana ya lugha ya nyumbani, na wasiitumie nywila moja kwa milango miwili.

Kuhusu lile kufuli dogo linaloonekana juu ya ukurasa wa tovuti, husema kwamba watu wamelipa sifa lisizostahili. Kufuli hilo huthibitisha kwamba barua haikusomwa njiani; halithibitishi tabia ya aliyeipokea. Hata tapeli anaweza kuwa na kufuli mlangoni.

Hata hivyo, linalomkera kuliko yote si la tarakilishi. Ni daftari. Mgeni anayeingia katika majengo mengi ya miji ya Kenya hupokewa na bawabu mwenye daftari la mistari, naye huandika humo jina lake, namba ya kitambulisho, namba ya simu na sahihi. Kila anayefuata husoma habari za waliomtangulia. Daftari likijaa, hakuna ajuaye linakopelekwa. Mwezi wa Juni mwaka wa 2021, Wakenya wengi walipochunguza rekodi za Msajili wa Vyama vya Siasa, waligundua kwamba walikuwa wamesajiliwa kuwa wanachama wa vyama ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo. Wengi walijiuliza namba zao zilitoka wapi, na si wachache walioyashuku madaftari ya milangoni. Kijana huyu hadai kulijua jibu. Anachosema ni kwamba wizi wa namna hiyo hauhitaji mjuzi wa programu. Huhitaji kalamu na asubuhi moja ya faragha.

Katika maongezi hayo ya kupitisha wakati hurejea daima kwenye hoja moja, ambayo inawahusu wanafunzi wa Kiswahili kuliko wanafunzi wa sayansi. Hoja yenyewe ni hii: tapeli huandika kwa Kiswahili, ilhali sheria huandikwa kwa Kiingereza.

Ushahidi wake uko katika simu ya kila mtu. Ujumbe wa ulaghai unaomtaka mtu atume zile pesa kwa namba nyingine, au unaomwambia kwamba pesa zimetumwa kwake kimakosa na azirudishe, umeandikwa kwa Kiswahili chepesi ambacho muuza samaki wa Kibuye hukielewa mara moja. Tapeli anajua kwamba lugha ndiyo ufunguo. M-Pesa nayo, tangu ilipozinduliwa mwezi wa Machi mwaka wa 2007, imejengeka kwa ujumbe mfupi ambao mtumiaji anaweza kuupata kwa Kiswahili, na neno “umepokea” limekuwa na uzito wa risiti. Lakini mtu huyohuyo akitaka kujua haki zake pale namba yake inapouzwa, au kuelewa anakubali nini anapobonyeza kitufe cha masharti, hupewa kurasa kumi za Kiingereza cha mawakili. Anayemwibia husema naye kwa lugha anayoielewa; anayedai kumlinda husema na mawakili wenzake.

Uzito wa maneno katika sheria za mtandao si jambo la kubuni. Tarehe 19 Aprili 2016, Mahakama Kuu ya Kenya, kupitia kwa Jaji Mumbi Ngugi, ilikitangaza kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano kuwa kinakiuka Katiba. Kifungu hicho kiliadhibu ujumbe wa “kuchukiza” na wa “kuudhi” bila kueleza maneno hayo yana mipaka gani, na mahakama iliona kwamba raia hawezi kulitii neno ambalo hawezi kujua linaishia wapi. Naam, kifungu kizima kilianguka kwa sababu ya msamiati. Miaka miwili baadaye, mwezi wa Mei mwaka wa 2018, ikaja Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni. Kifungu chake cha 23 kiliweka adhabu ya faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 10, au yote mawili, kwa anayechapisha habari za uongo zenye kuzua hofu au kuharibu jina la mtu. Chama cha wanablogu wa Kenya kilikwenda mahakamani. Vifungu 26 vikasimamishwa mwezi uo huo, kisha ombi lao likakataliwa mwezi wa Februari mwaka wa 2020. Marekebisho ya sheria hiyo yalipotiwa sahihi mwezi wa Oktoba mwaka wa 2025, baadhi yake nayo yalisimamishwa na Mahakama Kuu kabla mwezi haujaisha.

Maoni ya kijana huyu kuhusu historia hiyo ni mafupi. Sheria inayomwadhibu asemaye imejulikana hata vijiweni, kwa kuwa watu wameiogopa. Sheria inayomlinda asemwaye, yaani Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019, haijulikani na hata nusu ya wateja wake. Nayo ina meno. Mwezi wa Septemba mwaka wa 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja ya Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila wazazi kuridhia. Ndani ya sheria hiyo mna sharti ambalo yeye hulihesabu kuwa bora kuliko mengine: ridhaa ya mtu lazima itolewe waziwazi, kwa hiari, kwa jambo mahususi, naye awe ameelezwa na kufahamu. Asiyefahamu hajaridhia, hata kama amebonyeza kitufe mara mia.

Sharti hilo lilimfikisha kwenye mtihani wa kweli. Kikundi cha akina mama wanaouza omena katika ufuo wa Dunga kilimwomba awatengenezee tovuti na fomu ya kuwasajili wanachama. Mfadhili aliyegharimia kazi alileta orodha ya maswali 14: jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, tarehe ya kuzaliwa, dini, hali ya ndoa, idadi ya watoto, magonjwa ya kudumu, na mengine ya jinsi hiyo. Kijana aliuliza dini ya mwanamke inahusu nini na bei ya omena. Akajibiwa kwamba haidhuru kukusanya, huenda siku moja yakahitajika.

Hapo ndipo alipozungumza na akina mama wenyewe, wakiwa wameketi kando ya vyandarua vya kuanikia omena. Aliwauliza kama wavu wa omena unaruhusiwa kuvulia ngege. Wakacheka. Mtoto wa ufuoni anajua kwamba kila samaki ana wavu wake, na kwamba anayetega matundu madogo mahali pasipostahili huzoa hata vifaranga, na mwakani huvua maji matupu. “Basi fomu hii, mama,” akawaambia, “ni wavu wa omena uliotegwa penye ngege.” Mwenyekiti wao, mama wa makamo aliyekuwa kimya muda wote, akasema, “Mwanangu, sisi wavu tunaujua. Tuambie samaki ni nani.” Akawajibu kwamba samaki ni wao.

Mazungumzo na mfadhili yalichukua majuma matatu, na malipo ya awamu ya mwisho yalichelewa kwa miezi miwili, jambo ambalo si dogo kwa mtu anayelipa kodi ya chumba kwa mwezi. Mwishowe maswali yalipunguzwa hadi manne: jina, namba ya simu, ufuo na aina ya biashara. Namba ya kitambulisho iliachwa kwa yule tu anayeomba mkopo. Dini, ndoa na magonjwa yaliondolewa. Kijana alipenda kusema kwamba usalama alioufanya siku hiyo ulizidi ule wa programu zote alizowahi kununua, kwa maana data ambayo haikukusanywa haiwezi kuibwa.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya lugha. Maelezo ya fomu yalipaswa kuandikwa kwa Kiswahili, kisha yasimuliwe kwa Dholuo kwa wale wasiosoma. Neno la kwanza tu lilimkwamisha. Aseme “kibali”? Kibali hutoka ofisini kikiwa na muhuri. Aseme “idhini”? Idhini hutolewa na mwenye mamlaka, na akina mama hawa hawajazoea kujiona wenye mamlaka juu ya namba zao. Aseme “kukubali”? Mtu hukubali hata akiwa amebanwa. Akachagua “ridhaa”, kwa kuwa hutoka moyoni na haiwezi kushurutishwa ikabaki kuwa ridhaa. Akaandika sentensi fupi tano, akazisoma kwa sauti ufuoni.

Alipomaliza, mama mmoja aliyekuwa akianika omena aliuliza bila kuinua uso: “Na nikikataa, nitatolewa chamani?” Mtengenezaji tovuti hakuwa na jibu lililoandikwa. Sheria ilikuwa imetaja hiari, naye alikuwa ameitafsiri kwa uaminifu, lakini swali la mama huyu lilionyesha kwamba hiari isiyotaja matokeo ya kukataa ni jina tu. Kikundi kilijadiliana papo hapo, na sentensi ya sita ikaongezwa: “Ukikataa, utabaki kuwa mwanachama kama wenzako.” Baada ya kuisikia, wanachama wawili walikataa namba zao zisiwekwe, wakabaki chamani.

Tukio hili lina funzo kwa wasomi wa Kiswahili. Kwa miaka mingi mijadala ya istilahi imeshughulika na kuamua kama kifaa kiitwe tarakilishi, ngamizi au kompyuta. Juhudi hizo zina thamani. Mwaka wa 2004, mradi wa Kilinux uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini yenye menyu za Kiswahili, ukathibitisha kwamba mashine haina lugha ya kuzaliwa nayo. Lakini jina la kifaa halimwokoi anayedanganywa kupitia kifaa hicho. Kinachomwokoa ni sentensi inayoeleweka, iliyowekwa mahali pa kuridhia, ikimwambia kinachochukuliwa, sababu yake, kitakaa kwa nani, na atapoteza nini akikataa. Katiba ya mwaka wa 2010 imekitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi katika ibara ya 7, na ikalinda faragha katika ibara ya 31. Ibara hizo mbili hazijakutanishwa ipasavyo, na wa kuzikutanisha si wahandisi peke yao. Mwanafunzi wa isimu anayetafuta mada ya tasnifu ana sheria nzima ya kufafanua kwa lugha ambayo muuza samaki ataielewa, tena akiwa na washindani hodari, yaani matapeli, ambao walianza kazi hiyo zamani.

Kijana wa Kisumu hakusomea Kiswahili chuoni. Kila fomu anayoitengeneza sasa, iwe ya hoteli au ya kanisa, ina ile sentensi ya sita, na mteja anayetaka iondolewe huombwa kwanza aeleze sababu.