Spea

Mamangu huwaambia majirani wake wa Kisauni kwamba mimi "natengeneza kompyuta." Simlaumu. Aliponiuliza mara ya kwanza kazi yangu ya Nairobi ni nini hasa, nilifungua mdomo nikakuta maneno yote niliyo nayo ni ya Kizungu, tena cha kabatini, ambacho hata Mzungu wa kawaida hakijui.

Kazi yenyewe ni hii. Kampuni kubwa haiweki data yake kwenye diski moja. Inanunua kabati la chuma lenye diski ishirini na nne, au mamia, halafu mtambo unaoitwa kontrola unazifanya zote zionekane kama kitu kimoja. Safu, basi. Mimi huzichunga, mara nyingi usiku, nikiwa na sweta mbili kwa sababu ya baridi ya chumba cha seva.

"Na moja ikifa?" Mama akauliza.

Hapo ndipo penye neno pariti, na nilijua nitamchosha. Nikamwambia: chukua tatu, tano na mbili, andika chini jumla yake, kumi. Ile tano ikifutika, si utaijua tu? Mashine hupiga hesabu ya sifuri na moja, lakini wazo ni hilo.

"Kumbe ni daftari la madeni," akasema. Mama huuza mahamri na mbaazi. Mafuta yakimwagikia jina la mteja, yeye hutoa kwenye jumla akapata deni la mtu. Mimi nilihitaji muhula mzima kuelewa.

Mambo haya yalipata jina mwaka 1988, pale Chuo Kikuu cha California, Berkeley. David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz waliandika makala wakisema: badala ya diski moja kubwa ya bei ghali, tumia nyingi ndogo za bei nafuu. Tatizo ni kwamba ukiwa nazo nyingi, kila mara kuna moja inayokufa, kwa hivyo lazima uweke ziada ya kukuokoa. Wakaiita RAID. Ile I ilisimamia "bei nafuu." Baadaye kwenye biashara ikageuzwa ikawa "zinazojitegemea." Naelewa. Nani atakuuzia kabati la mamilioni akiliita la bei nafuu?

Nyumba yetu haikuwa na safu. Tulikuwa na diski moja kubwa, kakangu. Alifanya kazi bandarini. Kodi, karo zetu watatu, dawa za presha za Mama, michango ya matanga, vyote vilikuwa juu yake. Tulimsifu sana. Hatukuwahi kumuuliza kama amechoka. Mwaka 2019 alikufa kwa ajali ya barabarani.

Safu ikipoteza diski, haizimi. Kontrola huandika kwamba hali ni dhoofu, taa ya rangi ya machungwa inawaka, na kazi inaendelea. Ukiomba faili lililokuwa kwenye diski iliyokufa, zile zilizobaki zinasomwa, hesabu inapigwa, unaletewa faili lako. Mtumiaji hajui lolote. Ila mambo yanakwenda polepole, na hakuna tena nafasi ya kukosea. Watu waliokuja matangani walisema tumejikaza vizuri.

Kwenye kabati kuna pia diski isiyo na data yoyote. Ina umeme, inazunguka, inangoja mwenzake afe ili iingie mahali pake. Inaitwa spea ya moto. Nilipolisikia neno hilo chuoni nilicheka, manake kwetu spea ni gurudumu la nyuma ya gari. Siku tatu baada ya mazishi, mjomba aliniita kando akaniambia, "Sasa ni wewe." Mimi ndiye wa pili kuzaliwa. Sikucheka.

Kwa miaka miwili nilituma kila kitu. Kisha usiku mmoja, saa nane, diski moja kazini ikafa. Spea ikaingia yenyewe na ujenzi upya ukaanza. Watu hudhani hatari imepita hapo, kumbe ndiyo inaanza. Ili kuijaza spea, diski zote zilizobaki husomwa mwanzo hadi mwisho, saa nyingi mfululizo. Nazo zilinunuliwa siku moja, zimezeeka pamoja. Tulipofika asilimia 41, nyingine ikaanza kutoa makosa. Nikiwa nimeikodolea macho, simu ikalia: ujumbe wa mkopo wa simu niliouchukua kulipa karo ya dadangu. Ulikuwa wa tatu mwezi huo.

Ile safu ilikuwa RAID 6, yenye pariti mbili, kwa hivyo ingestahimili vifo viwili. Asubuhi ilikuwa nzima. Mimi nilikaa ngazini nikalia.

Idi iliyofuata nilishuka Mombasa. Tukiwa mkekani baada ya chakula, nikawasimulia kuhusu usiku ule, kwa Kiswahili, nikitumia mahamri kama diski. Nilipofika kwenye spea, Mama akaacha kutafuna.

"Ndiwe hiyo," akasema.

Sikujibu. Mdogo wangu, anayeendesha boda, akasema kodi anaweza kulipa nusu. Dada akasema kuna kazi ya jioni dukani alikuwa anaogopa kututajia. Mama akaleta daftari lake lenye madoa ya mafuta, akaandika majina manne, lake likiwemo, na kiasi mbele ya kila moja, kisha jumla.

Kiasi changu kilikuwa chini ya nusu ya nilichokuwa nikituma. Nilikisoma mara mbili. Sikujua niseme nini, nikamwomba aniongeze mbaazi.