Mazishi kwenye sinia la mchanga

Wiki ya tatu ya fildi nilimharibia mtoto wa miaka sita mazishi yake. Wala sikujua. Nilirudi hosteli kifua mbele nikawaambia wenzangu kwamba leo nimemchangamsha mtoto.

Kituo kilikuwa na chumba kidogo cha tiba ya michezo: sinia la mchanga, wanasesere, magari, kalamu za rangi, vifuniko vya soda. Wanaodhani sisi tunaenda kucheza tu na kusainiwa karatasi (nawajua, mko wengi) wajaribu kukaa mle dakika 45 bila kumwelekeza mtoto. Virginia Axline, Mmarekani aliyeandika misingi minane ya kazi hii katika kitabu chake cha 1947, anataka mtoto aongoze, mtaalamu afuate. Hiyo misingi niliijibu vizuri sana kwenye mtihani.

Basi, yule mtoto (mambo yake kadhaa nimeyabadilisha asitambulike) akachimba shimo, akamlaza mwanasesere, akamfukia. Akamfukua. Akamfukia tena. Mara ya tatu akapanga vifuniko vya soda kuzunguka kaburi, kama watu waliokaa. Hakulia, hakusema kitu. Mimi ndiye niliyeanza kutoka jasho. Mara nikasikia sauti yangu, nyembamba, ya furaha: "Haya, ameamka! Tumpandishe gari!" Nikamfukua kwa mkono wangu mwenyewe. Mtoto akanitazama, akachukua gari, akalisukuma huku na huko mpaka muda ukaisha. Mtoto mwenye adabu. Kumbe siku ile yeye ndiye aliyenihudumia mimi.

Msimamizi wangu aliposoma ripoti akauliza, "Nani alichoka na yale mazishi, yeye au wewe?"

"Dokta, niliona anaumia."

"Ulimwona akifanya nini?"

Nikakosa jibu.

"Wewe umemzika nani?"

Baba alifariki nikiwa kidato cha tatu. Walinificha mpaka nimalize mitihani. Nilipofika nyumbani matanga yalishaanuliwa. Kaburi nilionyeshwa. Mjomba akaniambia nisilie, mama atazidi kuumia, basi nikawa mchangamshaji wa nyumba. Ile sauti nyembamba sikuitoa darasani. Nilianza kuitumia nikiwa na miaka 16, jikoni, kila mama aliponyamaza.

Tangu siku hiyo ripoti zangu zina safu mbili: mtoto alifanya nini, na mimi mwilini nilisikia nini. Safu ya pili ndiyo ngumu. Siku nyingine ina neno moja tu, "tumbo". Nimeanza pia kwenda kwa mshauri nasaha, na nitasema bila aibu: kozi yetu ina takwimu za kutosha, lakini haijatutengea hata saa moja ya kukaa na misiba yetu kabla ya kutupeleka kwenye misiba ya watoto.

Vikao viwili vilivyofuata mtoto hakugusa mchanga. Alichora tu. Nilitamani kumsogezea sinia; mikono nikaikalia. Kikao cha tatu akarudi mwenyewe, akachimba, akafukia, akaanza kupanga vifuniko. Kimoja akanipa.

"Nikiweke wapi?" nikamuuliza.

Akanionyesha kwa kidole, pembeni ya kaburi. Nikakiweka hapo, na tukakaa.