Nyumba Ifuate Mteremko

Tangu Katavi iwe mkoa mwaka 2012, mji wa Mpanda unajengwa kwa haraka. Ukipita kata ya Kashaulili na jirani zake utaona bati zinazong'aa, na pengine rundo la matofali mabichi yanayongoja kuni.

Mama ndiye anayeshinda nyumbani na watoto. Basi kama kiwanja chenu kina mteremko, zungumza na mzee kabla fundi hajavuta kamba. Mafundi wengi hupenda kusawazisha: wanachimba upande wa juu na kumwaga udongo upande wa chini. Nusu ya nyumba inakaa kwenye ardhi ngumu, nusu kwenye kifusi. Mvua za Novemba hadi Aprili zikinyesha, kifusi hudidimia na ukuta hupasuka.

Wairaqw wa Mbulu walifanya vingine. Zamani walichimba nyumba ndani ya kilima, wakaezeka miti na kuifunika udongo, hata paa la nyuma likalingana na ardhi. Walikuwa wanaficha watu na ng'ombe wasionekane na Wamasai. Sisi hatuna haja ya kujificha, lakini tunaweza kuiga ile akili ya kutogombana na kilima.

Urefu wa nyumba ukate mteremko, usishuke nao. Msingi ujengwe kwa ngazi, kila ngazi ikae kwenye udongo ambao haujachimbuliwa. Juu ya nyumba chimbeni mtaro wa kuyapeleka maji pembeni. (Si mlangoni kwa jirani, jamani!)

Halafu matofali. Tanuri hula miti ya miyombo, nayo ndiyo inayowapa nyuki maua na sisi asali. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi ulifundisha matofali ya kufungamana: udongo na saruji kidogo hushindiliwa kwa mashine ya mkono, kisha hufunikwa na kumwagiliwa maji mpaka yakomae. Hayachomwi, na hutumia udongo mchache wa kujengea kwa kuwa yanashikana yenyewe. Yakiachwa bila rangi, nyumba hufanana na ardhi iliyoizaa.

Na mninga uliokwisha kuota kiwanjani, ukiwa mbali na msingi, uacheni. Baba akisema unaziba njia, mwekee kiti chini yake alasiri moja ya Oktoba, umpe na maji ya kunywa.