Shura ya Walimu katika Jangwa la Arizona

Phoenix, Arizona, Marekani

Ndugu zangu wa mwambao na wa bara,

Nataka leo nikusimulieni jambo ambalo wageni wa nchi hii hawalitaji sana, kwa kuwa halina kishindo cha majumba marefu wala fahari ya masoko, lakini ambalo kwa rai yangu ni miongoni mwa mema niliyoyaona Marekani: desturi ya walimu wa vyuo vya jamii kukaa shura juu ya zana mpya za kufundishia, wakazipima wao wenyewe kabla hazijatamalaki madarasa yao.

Vyuo hivi ni vya umma, na masomo yake ya kawaida ni ya miaka miwili. Havimuulizi mtu nasaba yake wala havimhukumu kwa alama zake za zamani. Mlango u wazi kwa kijana atokaye sekondari, kwa mama aliyelea watoto mpaka wakakua, na kwa fundi atakaye cheti kipya. Kikongwe kuliko vyote vya umma vilivyo hai, Joliet Junior College cha jimbo la Illinois, kilianza mwaka 1901. Na mwaka 1947 tume iliyoundwa na Rais Truman ilihimiza vyuo vya namna hii vienezwe kote, ili elimu ya juu isiwe milki ya wenye mali peke yao. Leo nchini viko takriban 1,000. Hapa katika kaunti ya Maricopa, ambamo ndimo mji wa Phoenix ulimo, viko 10 chini ya mamlaka moja, na cha kwanza chao, Phoenix College, kiliasisiwa mwaka 1920.

Mimi nifundishaye hisabati za mwanzo katika vyuo vya jimbo hili husikia Kiswahili ukumbini karibu kila muhula, kwa kuwa Wakongo na Warundi wengi walioonja mashaka ya vita na ya kambi za wakimbizi wamepewa makazi katika mji huu. Mwanafunzi wa namna hii aghalabu hufika darasani akitoka zamu ya usiku, na nyumbani hana kompyuta ila simu yake ya mkononi. Somo lililopangwa kwa skrini pana humwacha nje, hata likiwa limepambwa namna gani. Habari kama hiyo haimo katika tangazo la muuza programu. Imo kifuani mwa mwalimu, na kwa sababu hiyo mwalimu asiposhauriwa, fedha nyingi hupotea na mwanafunzi hubaki alipokuwa.

Walimu wa Maricopa waliitambua hakika hii mapema. Mwaka 1987, wakati kompyuta ilipokuwa bado kioja katika madarasa mengi, waliunda baraza lao wakaliita Ocotillo, kwa jina la kichaka cha jangwa hili chenye fito ndefu za miiba, ambacho wakati wa ukame mtu hukidhania kimekufa, kisha mvua ikinyesha huvaa majani katika muda wa siku chache. Fadhila yake kuu ilikuwa kwamba waliokishika kiti cha uongozi ni walimu wenyewe, watu wa chaki na vitabu, ambao kesho yake walikuwa na vipindi vya kufundisha. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 makundi yake yalichunguza masomo yanayochanganya darasa na intaneti, majalada ya kielektroniki ya kuhifadhia kazi za mwanafunzi, na vipande vya masomo ambavyo mwalimu mmoja akivitunga, mwenziwe wa chuo kingine aweza kuvitumia. Kundi lilishika swali moja, wenye kundi walijaribu zana kila mmoja darasani kwake, kisha walikutana wakasema kwa insafu lililofaa na lililoharibika, pasipo kuoneana haya.

Matunda ya ushirika wa namna hii yanaonekana wazi katika jambo la vitabu. Vitabu vya kiada ni ghali mno nchini humu, na mwanafunzi maskini hulazimika kuchagua baina ya kitabu na chakula. Mwaka 2013 vyuo vya Maricopa vilianzisha mradi wa kuwapunguzia wanafunzi gharama hiyo, lengo likiwa dola milioni 5 katika miaka 5. Na njia yake ilikuwa walimu wa vyuo mbalimbali waifundishao kozi moja kukaa pamoja, wakachagua na kutengeneza maandishi yenye leseni huria, ambayo mwanafunzi huyasoma bila malipo.

Tangu programu ya akili mnemba iitwayo ChatGPT ilipotokea mwishoni mwa mwaka 2022, mabaraza ya walimu yamepata mtihani mpya. Nimehudhuria kikao ambamo mwalimu wa insha alitaka akili mnemba ipigwe marufuku, akihofu kwamba kijana asiyetaabika kutunga sentensi hatajua kufikiri; na mwalimu wa uuguzi akajibu kwamba wanafunzi wake wataikuta hospitalini wapende wasipende, hivyo aliwapa majibu ya akili hiyo kuhusu vipimo vya dawa wayakague, na wakagundua kosa lililoandikwa kwa ufasaha mkubwa. Hapakuwa na mshindi siku ile, wala hapakuhitajiwa. Kila mmoja aliondoka na jambo la kujaribu: wa insha aliazimu kudai rasimu kwa hatua, na wa uuguzi aliazimu kufundisha hadhari kabla ya kufundisha matumizi.

Sitaki mdhani kwamba kila kitu kimenyooka. Zaidi ya nusu ya walimu wa vyuo vya jamii nchini ni wa muda, hulipwa kwa kozi, na wengi wao hukimbia toka chuo hiki hadi kile kutafuta riziki. Saa ya shura hawana, na mara nyingi hakuna anayewalipa kwa ajili yake. Palipo na baraza zuri ambalo nusu ya walimu hawawezi kulihudhuria, hapo haki haijatimia.

Nayaandika haya kwa ajili yenu, kwa kuwa ala za shura ninazozisifu zipo pia nyumbani. Tanzania ina vyuo vya maendeleo ya wananchi tangu mwaka 1975, ina vituo vya walimu, na ina utaratibu wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini unaowakutanisha walimu shuleni kwao. Na Kenya iligawa vishikwambi katika shule za msingi kuanzia mwaka 2016, ikajionea kwamba chombo kufika shuleni ni kazi moja na kutumika kwa faida ni kazi nyingine. Basi ombi langu kwa wenye mamlaka ni hili: kabla ya kununua programu yoyote, waiteni walimu watakaoitumia, wapeni muhula mmoja waijaribu na wapunguzieni vipindi ili wasaa wa kukutana uwe halali yao; na wakisema haifai, iacheni, hata kama muuzaji ni mashuhuri. Nanyi walimu, msingoje waraka: wawili mfundishao somo moja katika shule jirani mnatosha kuanza.

Wasalaam,
Ndugu yenu wa ughaibuni